Huduma ya wanaakiolojia kukagua eneo kabla ya ujenzi, Mwanza – maoni yangu

Wenye viwanja Mwanza na kanda ya ziwa nzima someni hii, maana huduma hii wengi hawaijui kabisa. Kwenye mradi wa nyumba tulionunua upande wa Ilemela, mwenye mradi alileta timu ya wanaakiolojia, yaani wataalamu wanaochimba mabaki ya watu wa kale, wakague eneo kabla greda halijaingia, na kwa kuwa kiwanja changu kiko katikati ya sehemu waliyochimba nikawa nashinda nao pale.

Kazi yao ni ya utaratibu sana jamani. Wanajipanga mstari wanatembea eneo lote macho chini, kila kigae cha chungu wanakiwekea kibendera, kisha wanapima mashimo ya mita moja kwa mita moja na kushuka sentimita 10 kwa mara, kwa mwiko uleule wa fundi ujenzi. Udongo wote unapita kwenye chekeche, na mkaa ukionekana hawaushiki kwa mkono, wanaufunga kwenye foili kwa sababu ndio unaopimwa kujua umri. Inachukua muda, fundi wangu alilalamika, mimi hapana.

Maana vitu vilivyotoka pale aisee! Dada mmoja wa timu aliniwekea kigae kiganjani, mdomo wa chungu umesawazishwa bapa kwa ustadi, chini yake mistari imekatizana kama wavu wa dagaa. Kingine kilikuwa kitako chenye kibonyeo kinachoingia ncha ya kidole gumba, yaani mfinyanzi alibonyeza udongo ukiwa bado mbichi na alama yake ipo hadi leo. Akasema ni vyungu vya Urewe, jina la mahali huko Siaya, Kenya, na vinapatikana kuzunguka ziwa letu, kuanzia Rwanda na Burundi mpaka Uganda na Kagera. Pale Katuruka, karibu na Bukoba, uchimbaji wa miaka ya 1970 ulionyesha watu wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Na kwetu yalitoka mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, mazito kuliko unavyodhani ukiyaangalia, pamoja na vipande vya mabomba ya udongo yaliyopitisha upepo wa mivukuto. Kwahiyo hapo tunapojenga watu walikaa, wakapika, wakafua chuma. Nimejisikia fahari sana, sitaki kuficha.

Ninachowasifu zaidi ni uvumilivu, kila mtoto aliyepita kutoka shule akauliza alijibiwa, na wazee wa mtaa waliulizwa wanakumbuka nini kuhusu kile kilima. Mashimo waliyafukia vizuri.

Kasoro zipo na zimeniuma. Ripoti imeandikwa Kiingereza kitupu, kurasa na kurasa, ofisi ya mtaa hawana nakala, sasa mama ntilie aliyewapikia muda wote ule atajuaje kilichopatikana? Pili vitu vyote vimepakiwa vikaenda Dar. Naelewa maabara na hifadhi ziko huko, lakini hapa Kisesa tuna Makumbusho ya Wasukuma Bujora, hata vigae vichache vingerudi watoto wetu wakaviona.

Ushauri kwa mnaonunua viwanja, muulizeni muuzaji kama eneo limekaguliwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na ukivikuta unatakiwa kutoa taarifa, sio kumwaga zege juu yake au kumuuzia mtu. Kwetu mwenye mradi alisogeza barabara ya ndani kidogo, ile sehemu yenye mavi ya chuma imeachwa wazi na hakuna mnunuzi aliyepoteza kiwanja.

Nawapa nyota nne. Ya tano nitawapa siku ripoti ya Kiswahili itakapofika ofisi ya mtaa.