Union au Habari Njema? Biblia mbili za Kiswahili kwa mtu anayeandamwa na hofu

Ukiingia duka la vitabu vya Kikristo mjini Kisumu ukaomba Biblia ya Kiswahili, swali la kwanza ni moja: Union ama Habari Njema? Wengi hujibu kwa mazoea ya kanisa lao. Lakini kwa mtu ambaye moyo unamdunda saa nane za usiku, na hana sababu anayoweza kuitaja, jibu hilo lina uzito, kwa maana hizi mbili hazimsaidii kwa namna moja. Ushauri wangu ni huu: nunua Habari Njema uisome mchana, ila mistari ya kuhifadhi kwa moyo uitoe katika Union.

Union ni tafsiri ya mwaka 1952, na baadhi ya maneno yake yamehama maana tangu hapo. Tazama Wafilipi 4:6: "Msijisumbue kwa neno lolote." Sisi leo tukisema "usijisumbue" tunamaanisha usijipe kazi bure, kama mgeni anavyomwambia mwenyeji asiweke chai. Msomaji anaupita mstari huo bila kujua kwamba Paulo anazungumza na hali yake hasa. Habari Njema inaanza "Msiwe na wasiwasi", na mwenye wasiwasi anajitambua papo hapo.

Mathayo 6:34 ni mfano mkubwa zaidi. Union inasema, "Yatosha kwa siku maovu yake." Sikio la leo likisikia "maovu" linafikiria dhambi, na mtu mwenye hofu mara nyingi tayari anajilaumu, hapo anajiongezea mzigo ambao Yesu hakumpa. Habari Njema inaandika, "Matatizo ya siku moja yawatosheni kwa siku hiyo." Hiyo "yawatosheni" haina utamu mdomoni, nakubali, lakini maana imefika. Vivyo hivyo "moyo wa kiasi" katika 2 Timotheo 1:7 ya Union: ni moyo unaojitawala, wala si moyo mdogo.

Mbona basi tusiiache Union? Kwa sababu ya mistari kama 1 Petro 5:7. Habari Njema imesema tu "Mwekeeni matatizo yenu yote." Union inasema "mkimtwika yeye fadhaa zenu zote", na yeyote aliyewahi kumsaidia mama sokoni kuinua beseni la samaki anajua kutwika ni nini. Mzigo unatoka mikononi mwako, unakaa juu ya kichwa cha mwingine, na mwingine huyo ndiye anayeanza kutembea nao. Huwezi kumtwika mtu huku bado umeshikilia ukingo wa beseni. Ukiomba usiku kisha asubuhi ukaanza kupiga hesabu ileile ya karo na kodi ya nyumba, umejitwisha upya. Mtwike tena, hata mara kumi kwa siku, bila kujiona umeshindwa imani.

Sababu ya pili ya kutoiacha Union ni mdundo wa maneno yake. Chukua Zaburi 56:3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Sehemu ya kwanza ina silabi 7, ya pili 9. Vuta pumzi polepole ukisema ya kwanza moyoni, toa pumzi na ya pili. Pumzi ya kutoka inakuwa ndefu kuliko ya kuingia, na hiyo ndiyo inayotuliza mapigo ya moyo. Rudia kwa dakika tano hivi. Kosa la kawaida ni kuharakisha: mtu anaurusha mstari kama anayefukuza mbwa, pumzi inakuwa fupi, kifua kinabana zaidi, halafu anasema Neno halikufanya kazi. Kosa lingine ni kusubiri hofu ije ndipo utafute mstari. Uhifadhi ukiwa umetulia, mmoja kwa wiki, ulioandikwa kwa mkono kwenye kadi. Biblia ya simu ni nzuri mchana. Usiku wa manane ujumbe wa kikundi cha harambee utakukuta hapo hapo.

Kwa Biblia yoyote utakayochagua, usianze na mistari ya "usiogope". Anza na Zaburi 55, ambapo Daudi anasema hofu na tetemeko vimemjia na anatamani mbawa za njiwa aruke aende zake. Kisha 1 Wafalme 19. Eliya anaomba afe, na Mungu hamkemei: anamlaza, anamlisha mkate na maji, anamlaza tena, anamlisha tena, ndipo wanazungumza. Wanaowaambia wagonjwa wa wasiwasi waache dawa ili waonyeshe imani wameiruka sura hiyo. Kifua kikiuma, au usingizi ukikosekana wiki baada ya wiki, nenda ukaonwe na daktari, na Biblia uiweke mkobani.

Sasa dukani. Bei hupandishwa na jalada la ngozi, zipu na kingo za dhahabu, vitu visivyokusaidia chochote saa nane za usiku. Mkatoliki ahakikishe Habari Njema anayopewa ina vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile vya Agano la Kale ambavyo Wakatoliki wanavikubali na Biblia za Kiprotestanti kwa kawaida hazina, kwani huchapishwa navyo na bila navyo. Atafute Tobiti na Yoshua bin Sira kwenye yaliyomo. Ukinunua ya mtumba, fungua Zaburi na nyaraka za mwisho, ambako kurasa hung'oka kwanza. Zile ndogo za mfukoni zina herufi ndogo na karatasi inayoonyesha maandishi ya upande wa pili, na stima ikipotea utasoma kwa tochi. Fungua Zaburi 56 hapo kaunta, ushike kitabu umbali wa mkono uliokunjwa. Ukilazimika kukisogeza usoni ili uone mstari wa tatu, irudishe, uombe ya herufi kubwa.