Lipi Ununue Kati ya Magari ya Kimarekani ya Injini Kubwa Yaliyokarabatiwa

Tangazo la gari la Kimarekani la miaka ya 1960 lililokarabatiwa huanza na rangi na kumalizia na injini, ilhali mnunuzi anapaswa kuanza na mambo mawili ambayo hayapigwi picha sana, yaani mabati ya chini na karatasi. Injini ya V8 (yenye silinda nane) ya enzi hiyo huundwa upya na fundi yeyote mzoefu, lakini bodi iliyoliwa na kutu inaweza kumeza fedha nyingi kuliko bei ya gari lenyewe, na kumbukumbu za kiwanda zikikosekana hakuna fundi wa kuzitengeneza. Kwa hiyo mpangilio huu, unaomlenga mtu anayenunua akiwa Marekani na kukusudia kuliendesha huko huko, haufuati kasi wala umaarufu. Unafuata urahisi wa kuthibitisha kwamba gari ndilo linalodaiwa kuwa, pamoja na upatikanaji wa vipuri.

Mbele ya yote naweka Pontiac GTO ya mwaka 1967. Modeli hii ilianza mwaka 1964, pale Pontiac walipochukua injini ya inchi za ujazo 389, sawa na lita 6.4, waliyokuwa wakiifunga kwenye magari yao makubwa, wakaiweka katika gari la ukubwa wa kati. Mwaka 1964 na 1965 GTO ilikuwa nyongeza tu juu ya LeMans, modeli nyingine ya Pontiac, hivyo namba ya chasisi haitoshi kuitambulisha, lakini kuanzia 1966 ikawa modeli inayojitegemea na namba yake huanza na 242. Zaidi ya hapo, Pontiac Historic Services hutoa kwa malipo nakala za kumbukumbu za kiwanda za gari husika, zinazoonyesha lilitoka na vifaa gani. Muuzaji akiwa nazo mkononi, mabishano mengi yamekwisha.

Sababu ya kuchagua 1967 badala ya 1966 ni breki. Gari la 1966 lina silinda kuu ya breki yenye njia moja, kiasi kwamba bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hubaki bila breki. Mwaka 1967 njia hizo zilitenganishwa, ya mbele na ya nyuma, na breki za diski za mbele zikaanza kupatikana kwa kuagizwa. Injini nayo ilikua hadi inchi za ujazo 400. Wapo wanaoipenda ya 1966 kwa sababu ya kabureta zake tatu, nami nawaelewa, lakini gari litakalobeba watoto lisiwe na njia moja ya breki, na likiwa nayo, fungu la kuibadilisha litengwe kabla ya bei kukubaliwa.

Nafasi ya pili ni ya Ford Mustang ya 1967 au 1968. Hakuna gari la kundi hili lenye vipuri vingi vipya kama hili. Hata bodi nzima inatengenezwa upya leo. Herufi ya tano ya namba ya chasisi hutaja injini iliyotoka kiwandani: C ni V8 ya kawaida ya inchi za ujazo 289, na S ni ile kubwa ya 390. Kampuni ya Marti Auto Works ina takwimu za Ford kuanzia magari ya 1967, na ripoti yao ndiyo ya kuomba. Mtu anayetaka kuendesha tu, bila kushindana na yeyote, atosheke na C.

Ugonjwa wa Mustang uko chini ya kioo cha mbele. Mwaga maji taratibu kwenye matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo hicho, kisha ingiza mkono chini ya dashibodi, nyuma ya kapeti, upande wa dereva na upande wa abiria. Ukigusa maji, bati la ndani limetoboka, na kulibadilisha kunahitaji kufungua madigadi ya mbele na kukata sehemu zilizochomelewa moja baada ya nyingine. Rangi mpya inayong'aa haiondoi haja ya jaribio hili.

Plymouth Road Runner ya 1968 hadi 1970 ni ya tatu. Iliuzwa kwa chini ya dola 3,000 mwaka wa kwanza, ikiwa na injini ya inchi za ujazo 383 na ndani yake isiyo na mapambo, na uwazi huo ndio uzuri wake. Namba yake huanza na RM. Haina chasisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, kwa hiyo kutu kwenye mihimili ya chini ni kasoro ya usalama. Pandisha gari kwenye jeki na upitishe sumaku. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti.

Chevrolet Chevelle SS (Super Sport, toleo lake la kasi) inashuka hadi ya nne kwa sababu ya karatasi pekee. Za 1966 hadi 1968 hutambulika kwa namba inayoanza na 138, lakini kuanzia 1969 SS ikawa nyongeza isiyoonekana kwenye namba. Ushahidi mzuri uliobaki ni karatasi ya kiwandani, ambayo mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta. Camaro ya 1969 ni ya mwisho kwa hoja hiyo hiyo: namba yake inasema tu kama ilitoka na V8 au silinda sita, na nyingi za kawaida zimegeuzwa kuwa Z/28, toleo la kasi la Camaro.

Kabla ya kulipa, linganisha hati ya umiliki na kibao cha namba ya chasisi, ambacho kwenye GTO ya 1967 kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama kimeng'olewa na kurudishwa, usinunue. Fika injini ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe. Bima nayo iwe ya thamani iliyokubaliwa kwa maandishi, kwa kuwa bima ya kawaida hulihesabu gari kama hili kuwa chakavu.