Piano ya "enzi za Mkwawa" inayouzwa Iringa: tumeifungua, tumeangalia ndani

Kwenye duka moja la samani za mitumba mjini Iringa kuna piano ya kusimama, ya mbao nyeusi, bei milioni 2.5, maongezi yapo. Muuzaji anasema iliingia na Wajerumani kabla ya vita vya Lugalo, ambako Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani. Hadithi tamu, ila piano yenyewe inaikana.

Fungua mfuniko wa juu, geuza vishikizo viwili vya mbao pembeni, na ubao wote wa mbele utatoka. Mtambo wa nyundo utauona wazi. Kwenye fito yake pamegongwa D.R.G.M., alama ya Kijerumani ya kulinda ubunifu mdogo mdogo, ambayo sheria yake ilianza kutumika Oktoba 1891. Lugalo palipiganwa Agosti 1891. Siku ile piano hii haikuwapo hata Berlin, sembuse Uhehe.

Hapohapo kuna mhuri wa "Lexow, Berlin", na huo ndio unaowapoteza wengi. Lexow alitengeneza mitambo ya nyundo na kuviuzia viwanda vya piano. Ni kama kukuta jina la Bosch kwenye pampu ya dizeli ukadhani umemjua aliyeunda lori. Namba iliyo kwenye mtambo nayo ni ya Lexow, achana nayo. Namba ya kutafuta ni ya kiwanda cha piano: juu kwenye fremu ya chuma, kwenye ubao wa mwangwi, mgongoni, au ubavuni mwa kibonyezo cha kwanza kushoto. Hapa iko kwenye fremu, tarakimu tano chini ya vumbi. Brashi kavu na tochi ya simu vinatosha. Ukipitisha spiriti, rangi ya dhahabu inatoka na namba inakwenda nayo.

Bahati mbaya, namba bila jina la kiwanda haikupi mwaka, na jina la mbele limekwanguliwa, limebaki neno "Berlin" tu. Hata lingekuwa zima lisingetosha, maana wenye maduka wa zamani walikuwa wakiagiza piano zisizo na jina, wakaandika lao.

Basi tunarudi kwenye muundo. Nyuzi za besi zinapita kwa mshazari juu ya zile za kati, na vizima-sauti viko chini ya nyundo. Piano nyingi za Kiingereza za wakati huo huviweka juu, na safu ya waya mbele yake kama tundu la kuku. Vibonyezo ni 85, vinaishia noti ya A badala ya C ya piano za leo. Ubao wa mbele una matundu ya skrubu pande zote mbili, yaliyozibwa kwa nta: hapo palikaa vinara vya mishumaa. Kwa maoni yetu ni ya Kijerumani kweli, ya kati ya 1891 na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Vibonyezo vyeupe ni pembe ya ndovu. Kila kimoja kimeungwa vipande viwili, na mstari wa kiungo unaonekana pale kinapoanza kuwa chembamba. Selulodi, plastiki ya zamani ya kuiga pembe, huwa kipande kimoja. Anayetaka kuipeleka nje ya nchi aulizie kwanza kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Hali yake ndiyo kasoro kubwa. Inasemekana ilitoka Tukuyu, na kutu ya nyuzi inakubaliana na hilo. Mbao zilizozoea mvua za kule zikija kukaa kwenye kiangazi cha Iringa husinyaa, gundi huachia, vigingi vya nyuzi hulegea. Vigingi tisa vya besi vinageuka kama msumari kwenye ugali. Dawa ni kuweka vigingi vinene zaidi, saizi moja juu. Kuvigongelea ndani na gundi ni kuharibu ubao.

Wanakwaya wajue pia kwamba haitapatana na kinanda cha umeme kilichopangwa noti A ya 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), kwa sababu imeshuka karibu nusu toni. Ukiivuta kwa mkupuo mmoja, nyuzi zenye kutu zitakatika. Ipandishwe kidogo kidogo, mara tatu au nne, kwa wiki kadhaa, na baada ya kukaa kwanza kwenye chumba itakakobaki.

Kwa vigingi hivyo, milioni 1.2 tunaiona ndiyo bei yake. Uzito unapita kilo 200, kwa hiyo tafuta vijana wanne na mkanda, na kwenye gari isimame wima, mgongo ukiegemea kichwa cha gari.