A Tree Grows in Brooklyn: nimekisomea nyuma ya mashine ya kopi, Nkuhungu, Dodoma

Kitabu ni cha Betty Smith, kilitoka Marekani mwaka 1943. Nakala yangu ni ya mtumba, ya Kiingereza, nimeitoa kwa kijana anayetandaza vitabu chini jirani na Nyerere Square. Alianza na 10,000, tukamalizana kwa 6,000 kwa sababu jalada lilikuwa limeshashikizwa kwa gundi ya mbao. Ni kinene, herufi ni za kukodoa macho, na ukikifungua sana mgongo unalalamika. Nakipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyokosekana nitasema imeenda wapi.

Mimi nina steshenari. Natoa kopi, nachapa, nabaindi ripoti za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), napiga picha za paspoti. Kazi hii inakupa kitu ambacho hata mwenyekiti wa mtaa hana: unasoma maandishi ya kila mtu. Barua za kuomba kazi, hati za kuuziana viwanja, wasifu wa marehemu. Na mara moja moja anaingia kijana na daftari la hadithi, anataka achapiwe apeleke kwenye shindano. Hadithi hizo, jamani, zimejaa bahari. Msichana anatembea ufukweni, mawimbi yanapiga, mvulana anashuka kwenye gari jeupe. Mwandishi mwenyewe kazaliwa Mvumi, kakulia ugali wa uwele na mlenda, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Hombolo. Kwa vijana hao ndipo nilipoona kitabu hiki kina kazi ya kufanya hapa kwetu.

Francie Nolan ana miaka 11 hadithi inapoanza, mwaka 1912, katika mtaa wa Williamsburg huko Brooklyn, New York. Baba yake, Johnny, ni mhudumu wa karamu anayejua kuimba, mcheshi, anapendwa na kila mtu, na ni mlevi. Mama, Katie, anasugua sakafu na ngazi za majengo ya watu ili familia ipate pa kulala. Jumamosi Francie na mdogo wake Neeley wanakusanya matambara, karatasi na vipande vya chuma, wanakwenda kuviuza. Nusu ya hela inaingia kwenye kibubu, ambacho ni kopo lililopigiliwa misumari ndani ya kabati, kwenye kona ya giza. Anayeijua biashara ya skrepa pale Majengo hahitaji kuelezwa zaidi. Kila usiku watoto wanasoma ukurasa mmoja wa Biblia na mmoja wa Shakespeare, waelewe wasielewe, kwa sababu bibi yao aliyekuwa hajui kusoma aliagiza iwe hivyo. Francie kwa upande wake ameamua kusoma maktaba nzima kwa kufuata alfabeti, kitabu kimoja kwa siku. Mkutubi anamgongea mihuri miaka na miaka bila kumtazama usoni hata mara moja. Hilo nalo lisomeni wenyewe, nisije nikamsema mtu.

Sasa kuhusu uandishi. Kuna siku shuleni mwalimu anataka kumpa mtu kipai kidogo cha maboga kilichobaki baada ya sherehe, na watoto wote, pamoja na umaskini wao, wanaona haya kunyoosha mkono. Francie anadakia: atakipeleka kwa familia moja maskini. Akitoka nje anakila mwenyewe, na wala hakipendi. Jumatatu mwalimu anamuuliza, naye anatunga habari ndefu ya mapacha waliokuwa wanakaribia kufa kwa njaa. Mpaka inamshinda, anakiri. Mwalimu hamchapi. Anamwambia, kwa maana yake, mdomoni useme jambo lilivyotokea, na kwenye karatasi uandike unavyoona lingepaswa kutokea. Nimekaa kwenye madarasa ya watu wengi na sikumbuki aliyewahi kumtenganishia mtoto uongo na hadithi kwa upole namna hiyo. Kwetu mtoto mtunzi anaitwa muongo, biashara inaishia hapo.

Lakini kitabu hakiishii kwenye ushauri huo mtamu, na hapa ndipo kinapokuwa kikubwa. Francie ana shajara. Mama yake anaikuta, anaona kila mahali binti ameandika kwamba baba alilewa, anamwamuru akate, aandike kwamba baba aliumwa. Krismasi ya 1915 Johnny anafariki. Daktari anataka kuandika kwenye cheti ulevi pamoja na nimonia, na Katie anamsihi abakize nimonia peke yake, kwa ajili ya watoto.

Niliposoma hapo niliweka kitabu juu ya kaunta nikacheka peke yangu, mteja akaniangalia. Wasifu wa marehemu nimechapa mwingi. Kwa mujibu wa karatasi zilizopita mikononi mwangu, pombe haijawahi kumuua mtu yeyote Dodoma. Kila mmoja aliugua kwa muda mfupi. Mama mjane anainamia kaunta, anashusha sauti: “Mwanangu, hapo weka alikuwa anasumbuliwa na presha.” Nami naweka. “Pole mama, nimeshaweka.” Msiba si mahali pa kubishania herufi. Katie Nolan angekuja hapa dukani ningemchapia bila neno.

Kinachonivutia ni kwamba mwandishi hamlaumu Katie kwa kuficha, wala hamlaumu Francie kwa kufichua. Baada ya mazishi Francie anaandika insha nne kuhusu baba yake kama alivyokuwa: mlevi, na pia baba aliyeandika barua yenye anwani ya uongo ili binti yake ahamie shule nzuri zaidi. Mwalimu wa Kiingereza, Miss Garnder, aliyezoea kumpa A kwa insha zake za ndege na maua, anampa C. Umaskini, njaa na ulevi, anasema, ni mambo machafu, hayafai kuandikwa. Anamshauri akazichome.

Francie anajaribu kutii. Anaanza riwaya ya msichana tajiri, Sherry Nola, anayeulizwa na mjakazi chakula cha jioni kiwe nini, na vyakula vinatajwa kimoja baada ya kingine, vya kifahari, vyote Francie hajawahi kuvigusa. Anasoma alichoandika, anashtuka. Ameandika njaa yake mwenyewe, tena kwa kuizunguka. Nyumbani kwao majira hayo chakula ni cha kuhesabu. Karatasi anaifinyanga. Kisha anachukua insha zake zote zilizopata A anazitia kwenye jiko, na zile za baba anazibakiza.

Hapo ndipo ningependa wale vijana wangu wa ufukweni wafike. Simaanishi waache kuota Dar. Ila lile gari jeupe, ukilitazama vizuri, ni daladala la Mvumi lililoharibika njiani na kila mtu ametembea. Andika daladala. Najua kwa nini hawaliandiki: mtu wa kwetu akifika Dar, utani wa kwanza anaokutana nao ni wa kuitwa ombaomba, kwa hiyo akishika kalamu anakimbia vumbi mbali iwezekanavyo. Na Miss Garnder tunao wengi. Nimeona insha iliyosahihishwa kwa wino mwekundu, mtoto kaandika bibi yake akipanga foleni ya chakula cha msaada mwaka wa ukame, pembeni kaandikiwa: “Chagua mada yenye matumaini.” Foleni ile mtoto alikuwa ameieleza mpaka rangi ya vikapu.

Somo jingine ambalo wasomaji wengi wanalisifu, mimi nalikataa. Johnny akiisha kufa, hela inatosha kumpeleka mtoto mmoja tu sekondari. Francie anaitaka shule kuliko pumzi. Neeley haitaki. Katie anampeleka Neeley, kwa hoja kwamba yeye asiposukumwa sasa hatakwenda kamwe, lakini Francie atapambana mpaka apate njia. Na kweli Francie anaipata: anafanya kazi kiwandani, anadanganya umri, anaajiriwa ofisi ya kusoma magazeti na kukata habari, anasoma masomo ya chuo wakati wa likizo, na mwishoni anaondoka kwenda chuo kikuu Michigan. Watu wanasema ona, magumu yalimjenga. Mimi ni mtoto wa kwanza, wa kike, na hesabu za namna hii nazijua: anayeweza kubeba ndiye anayebebeshwa. Siku hizi shule za serikali hazitozi ada, tangu msingi hadi kidato cha sita, lakini nani abaki nyumbani mgonjwa akiwepo bado linaamuliwa vilevile. Katie mwenyewe anajua kwamba anampenda Neeley zaidi, na mwandishi halifichi. Francie naye anajua. Ukurasa ambapo mama na binti wanazozana juu ya shule niliusoma mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa upande wa binti.

Nyota iliyopotea imepotelea kwenye mwisho. Anatokea askari polisi mmoja mwenye hela, McShane, mjane, mpole, anamposa Katie, na shida zote za kurasa mia nne zinatatuliwa kwenye kiti kimoja cha sebuleni. Mwandishi aliyenifundisha kutokimbia njaa hakupaswa kunipa askari. Katikati pia panachosha, dada zake Katie ni wengi na kila mmoja ana kisa chake, ingawa mmoja wao, Sissy, simuachi kwa mtu yeyote. Na maneno ambayo watoto wa mtaa ule wanawasema nayo Wayahudi na majirani wengine ni makali. Ndivyo mtaa ulivyosema, lakini mjiandae.

Kiingereza chake si kigumu, kidato cha tatu na kuendelea mwenye kamusi pembeni atakiweza. Mzazi ajue kuna tukio la mwanamume anayemvamia Francie kwenye ngazi za jengo. Linaisha vizuri kwa msaada wa bastola ya mama, ila kwa mtoto wa darasa la tano ningesubiri. Mwenye nia ya kuandika aanze na sehemu ya Miss Garnder kama hana subira, kisha arudi mwanzo.

Nakala yangu ipo rafu ya juu, pembeni ya rimu za A4. Kusomea kwenye benchi langu ni bure. Kuondoka nayo unaacha amana ya 6,000, na atakayekunja kona za kurasa amana yake sirudishi.