Shotgani Mpya ya Bei Chee au Beretta ya Mtumba?

Wadau, karibuni tena. Kabla sijasema lolote, tazameni hapa: hii imefunguliwa, vyumba vyote viwili vitupu, naingiza kidole, hakuna kitu. Na hii nyingine vilevile. Mezani hakuna risasi hata moja. Zile nyekundu mtakazoziona baadaye ni za bandia, za plastiki. Nisipoonyesha hivi najua mtanisema mpaka alfajiri.

Haya. Kushoto kwangu ni shotgani ya mitutu miwili, mmoja juu mwingine chini, geji 12 (ndicho kipimo cha upana wa mtutu), imetengenezwa Uturuki, mpya kabisa, bado inanuka mafuta ya kiwandani. Jina la kampuni silitaji, nina ugomvi nayo na sitaki barua za mawakili. Dukani hapa Texas ni kama dola 600. Kulia ni Beretta 686 Silver Pigeon ya mtumba, imeshapita mikono ya watu, kitako kina mikwaruzo, dola 1,500 na ushee. Mpya yake inapita 2,000 vizuri tu. Urefu wa mitutu, uzito, mbao gani, hayo yote yako kwenye tovuti zao. Mimi leo nataka tuzichokonoe.

Nimeulizwa sana hili kwa sababu tarehe 1 Septemba msimu wa kuwinda njiwa unafunguliwa huku Texas, kanda ya kaskazini na ya kati, na kila Mswahili mwenye jirani mwenye shamba ameshaalikwa. Anataka bunduki ya marisawa, vile vipunje vinavyotawanyika, mfukoni ana pesa ya kuhesabu, dukani anakuta hii inang'aa na ile imechakaa. Anachukua inayong'aa. Ngoja sasa.

Naifungua hii mpya. Mmeona? Nasukuma wenzo wa juu kwa dole gumba, hautaki. Nasukuma tena, umekubali, lakini mitutu haishuki mpaka niivunje kwenye goti. Bunduki mpya ni ngumu, sawa, hiyo naisamehe, italegea. Nisichosamehe ni hiki. Naweka zile risasi bandia mbili, nafunga, natazamisha mitutu kwenye ukuta wa mchanga, nafyatua wa kwanza, nafyatua wa pili, nafungua… Ya juu imeruka mpaka pale kwenye kochi. Ya chini imechungulia tu, halafu ikadondoka mezani. Narudia. Hivyo hivyo! Ejekta, vile vyuma vinavyorusha maganda nje, ziko mbili na zinatakiwa zirushe pamoja, hizi kila moja ina saa yake. Uwanjani maana yake kisahani cha udongo cha kulenga kimesharushwa na wewe bado unachokoa ganda kwa kucha. Nilipoipigia simu kampuni, wakaniambia nitume bunduki nzima na gharama ya kutuma niitoe mimi. Warantii ya namna hiyo ni wino tu kwenye karatasi.

Sasa msinielewe vibaya, Waturuki wanajua kutengeneza bunduki. Huğlu, kule Beyşehir, mkoa wa Konya, ni mji mdogo ambao kazi yake ni bunduki, wana ushirika wao, na kampuni ya bunduki ya CZ walikuwa wanachukua mitutu miwili yao kutoka huko na watu wamewinda nazo miaka. Tatizo langu ni dola 600. Bunduki ya mitutu miwili ina kazi ya mkono nyingi: lazima mitutu yote ipige mahali pamoja, lazima chuma kikae kwenye chuma bila mwanya, lazima mbao ziingie vizuri. Ukishusha bei kiasi hicho lazima pawepo mahali ulipookoa, na mara nyingi ni kwenye springi, kwenye kifyatulio na kwenye umaliziaji. Nyingine mwili wake wanautengeneza kwa aluminiamu, unaishika dukani unafurahi ilivyo nyepesi, halafu raundi moja ya visahani 25 bega linakueleza kwa nini nyepesi si zawadi.

Kwa hiyo ukiwa na 600 na huongezi hata senti, chukua ya kuvuta, ile unayovuta ubao wa mbele kuingiza risasi nyingine. Mossberg 500, ipo tangu miaka ya 60, mtutu mmoja, chenji inabaki ya risasi. Remington 870 ya mtumba pia, hasa zile za zamani. Nishasema, tuendelee.

Beretta. Hii ndiyo sehemu nimeitamani tangu asubuhi, kwa hiyo mtanivumilia. Mtumba unaogopesha watu kwa sababu hawajui kuukagua, na kumbe unakagulika palepale kaunta. Mwombe muuzaji ruhusa kwanza, kisha anza hivi. Ondoa ubao wa mbele. Huu hapa, unatoka kwa kubana hiki kidude. Wengi hawauondoi, na ubao huu huwa unaibana bunduki na kuficha ulegevu. Umeshauweka pembeni, funga bunduki, shika kitako kwa mkono mmoja, mitutu kwa mwingine, na uitikise kulia kushoto. Sogeeni karibu na kamera. Naitikisa… hakuna kitu. Ukisikia kagonga, hata kadogo, pale kwenye bawaba pameshalika.

Na hata pakilika si msiba, hapo ndipo nawapenda Wataliano. Beretta hawatumii pini moja ndefu inayopita chini. Wana vipini viwili vifupi, kimoja kila upande, na fundi bunduki anavibadilisha. Pini za kufungia mitutu ni hizi mbili zinazochomoza hapa mabegani, zimechongwa zikiwa nyembamba mbele, zikilika zinasogea zaidi na kuendelea kubana. Ndiyo sababu bunduki yao ni nyembamba mkononi. Hawa watu wanauza mitutu tangu 1526, wana karatasi ya mauzo ya mitutu 185 kwa Venice. Wameshapata muda wa kufikiria.

Sasa zimeni feni huko mliko. Nachomoa mitutu. Naining'iniza kwa kidole kwenye hiki kindoano, haigusi kitu chochote. Nagonga na kifundo cha kidole. Sikilizeni.

Umesikia? Inalia kama kengele, sauti inavutika. Mitutu hii miwili na huu utepe wa chuma wa juu vimeunganishwa kwa lehemu, na ikiwa lehemu imeachia mahali, sauti inakuwa butu, au inakoroma. Huo mkoromo ukiusikia dukani rudisha mezani, sema asante. Maji yameshaingia chini ya utepe na kutu inakula usikokuona. Na kwa vile tumetaja kengele, ile ya chini ya video nayo bonyezeni, chaneli imekua lakini wengi mnatazama tu mnapita, jamani.

Tuendelee. Mitutu ielekeze dirishani, chungulia ndani. Nuru inatengeneza miviringo, iwe kamili. Mviringo uliovunjika ni bonyeo. Choki, vile vibomba vya mdomoni mwa mtutu vinavyobana marisawa, zifungue zote kwa mkono wako, usikubali "zinafunguka hizo". Choki iliyogandishwa na kutu inaweza kukugharimu mtutu. Na uliza kama ni Mobilchoke au Optima, aina mbili za choki za Beretta, kwa sababu haziingiliani, na muuzaji kukupa choki za bunduki nyingine ni jambo la kawaida kabisa. Anayewinda bata ndiye aangalie zaidi: marisawa ya madini ya risasi (lead) yamepigwa marufuku kwa ndege wa majini Marekani nzima tangu 1991, utapiga ya chuma, na chuma na choki ya kubana sana ya bunduki ya zamani havipatani.

Kasoro yake? Ipo, na inaniudhi. Kila nikifungua bunduki, sefti, kile kizuizi cha kufyatua, inarudi yenyewe. Porini safi. Kwenye visahani nimeita, kisahani kimeruka, nimebana kifyatulio, kimya. Fundi anaweza kuizima, lakini kwa pesa hii…

Mashabiki wa Browning najua mmeshakasirika. Citori, mitutu miwili yao ya juu na chini, ni chuma, inatengenezwa na Miroku huko Japani tangu 1973, na ukiikuta ya mtumba tazama wenzo wa juu: mpya unakaa umeinamia kulia, unavyotumika unahamia katikati. Ukiukuta umevuka kwenda kushoto, punguza bei au ondoka. Ila ni nzito, mimi na njiwa kutwa nzima sitaki.

Mimi ningelipa zile 1,500. Ila ukienda shambani mara moja kwa mwaka na hupendi mtumba, hii ya Uturuki itaangusha njiwa, sibishi. Tena… hapana, nikikumbuka ile ejekta, hapana. Chukua Mossberg.

Kuna ndugu ameniuliza kama anaweza kununua bunduki huku Marekani akiwa na viza. Mwenye kadi ya kijani (mkaazi wa kudumu) anajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia bunduki, dukani, anakaguliwa, anaondoka nayo. Mwenye viza ya muda, sheria ya shirikisho inakukataza isipokuwa uwe na msamaha, kama leseni halali ya uwindaji. Usidanganye kwenye fomu ile, ni kosa la jinai. Mlioko Arusha na Nairobi, kwenu leseni ndiyo mwanzo wa yote, bunduki baadaye.

Wiki ijayo naipeleka hii ya Uturuki kwa fundi tuone ndani kuna springi gani. Na anayetaka kubishana kuhusu Citori tukutane uwanjani, aje na Citori.