Pawa soo ya injekta au ya kabureta? Nimeitumia Stihl MS 500i wiki mbili hapa Mombasa

Haya wadau mlionisumbua na maswali. Kwanza mjue mashine si yangu, ni ya jamaa mmoja mwenye kandarasi za kukata miti Nyali, alinipa wiki mbili kwa sababu yangu ilikua kwa fundi, mahali ambapo imezoea kukaa kuliko kwangu.

Lakini wacha nianze na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, maana bila hicho kisa hamtanielewa. Mwaka juzi nlinunua pawa soo iliyotumika huko Limuru, nikaijaribu kule kule ikakata gogo kama mkate, nikalipa nikashuka nayo pwani. Siku ya kwanza naangusha mwembe Kisauni ikawa inalia sauti nyembamba kali, mimi nafurahia nasema hii wallahi ina nguvu, kumbe ndo inakufa. Limuru iko juu zaidi ya mita 2,000 na hewa ya kule ni nyepesi, kwa hivo mwenyewe alikua ameikaza skrubu ya H, ile ya kabureta ya kupimia mafuta injini ikienda kasi, mafuta yapungue yalingane na ile hewa. Huku usawa wa bahari hewa imejaa, mafuta yakawa hayatoshi, na hizi ni tu-stroki jamani, oili inasafiri ndani ya petroli, petroli ikipungua na oili imepungua. Pistoni ikakwaruzika ikashika palepale. Pistoni mpya, silinda mpya, na dawa ilikua kulegeza skrubu kidogo tu kabla sijaiwasha.

Sasa hii 500i haina hiyo skrubu. Haina kabureta kabisa, ndo pawa soo ya kwanza kuingia sokoni na injekta, yaani petroli inanyunyiziwa ndani kwa kipimo. Kuna sensa zinapima presha na joto halafu kompyuta ndogo inaamua mafuta yaingie kiasi gani, ukiwa Likoni au ukiwa Limuru shauri yake. Na haina betri, umeme inajitengenezea ukivuta kamba. Choki pia hamna. Unabonyeza kile kipira cha mafuta, unabonyeza dekompresheni, kile kitufe cha kupunguza presha ya silinda kamba ivutike rahisi, unavuta, basi.

Kilichonimaliza ni kuwasha ikiwa moto. Mnaojua jua la Bamburi saa saba mnanielewa, unazima mashine ule viazi karai zako robo saa, ukirudi petroli imechemka kwenye kabureta, unavuta mpaka bega linalia na mteja amesimama kwa kibaraza anakuangalia tu. Hii nlikua nakata mivinje karibu na bahari, kila nikirudi mvuto wa kwanza au wa pili imewaka. Sikuamini, siku ya tatu nikawa naizima makusudi nione.

Na ukibonyeza gesi, loo. Kampuni inasema cheni inafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 0.25, mimi sina cha kupimia lakini mara ya kwanza ilinishtua nikarudi nyuma. Injini ni sisi 79.2, nguvu kilowati 5.0, na mashine tupu bila baa, ule upanga unaobeba cheni, wala cheni yenyewe ni kilo 6.2. MS 661 ya kabureta ina nguvu zaidi, kilowati 5.4, lakini ni kilo 7.4, na hiyo kilo moja na kitu ukiwa nayo tangu asubuhi jioni utaitaja.

Msidhani injekta ni kama ya gari lakini. Bado unachanganya, lita 5 za petroli na mililita 100 za oili, moshi upo, kelele zipo. Na ule mti wa barabarani uliogongelewa mabango ya waganga miaka kumi, msumari ukikutana na cheni haujali kama una injekta.

Shida yangu ni matengenezo. Kabureta ikigoma fundi yeyote Kongowea ana bisibisi na seti ya daiframu, vile viraba vya ndani ya kabureta, saa moja umerudi kazini. Injekta ikigoma inataka ile mashine ya kusoma kompyuta, na hiyo haiko chini ya mwembe. Kuna za katikati, M-Tronic za Stihl na AutoTune za Husqvarna, hizo ni kabureta ila inajirekebisha yenyewe, lile janga langu la Limuru ingelimaliza bila makelele.

Kwa hivo kama una kandarasi ya miti mikubwa kila siku, chukua injekta usifikirie mara mbili. Mimi wa mwarobaini mmoja leo na mnazi mmoja Ijumaa, bei yake siioni ikirudi. Nimemrudishia mwenyewe jana, roho imeniuma. Yangu naifuata kesho, fundi amesema iko tayari, hii ni mara ya tatu iko tayari.