Crater of Diamonds, Arkansas: nendeni, ila hesabu za utajiri ziacheni nyumbani

Ndugu wanaouliza kama kweli Marekani kuna mahali unalipa kiingilio, unachimba almasi, na ukiipata ni yako: ndiyo, pako. Panaitwa Crater of Diamonds State Park, pembeni ya mji mdogo wa Murfreesboro, jimbo la Arkansas. Mkiweka ramani kwenye simu angalieni jimbo, kwa sababu Tennessee nako kuna Murfreesboro, tena mkubwa zaidi, na mnaweza kujikuta mmeendesha siku nzima kuelekea kusikohusika. Sisi tunakaa upande wa Dallas. Ukitoka alfajiri unafika jua bado la asubuhi.

Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto, na baba mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Shinyanga. Mzee amekulia jirani na Mwadui, ule mgodi alioanzisha John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, baada ya kugundua almasi mwaka 1940. Kwa mtu wa kule, almasi ni uzio, askari na kupekuliwa mpaka soli za viatu. Tulipoingia uwanjani akasimama, akatazama huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama Neema, walinzi wako wapi?"

"Baba, hapa hawapekui mtu."

"Na nikiiokota?"

"Unaondoka nayo."

Hakuniamini. Ilibidi mume wangu amwite mhudumu na kumtafsiria, na hata hapo mzee alisema Wazungu wana mitego yao, tusubiri tuone. Namwelewa. Kwetu ukikutwa na jiwe mfukoni bila leseni ni kesi, na Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, wamejengewa ukuta mzima mwaka 2018. Hapa mtoto wa darasa la pili anapewa koleo na kuambiwa achimbe anapotaka.

Uwanja wenyewe haupendezi hata kidogo, niseme ukweli. Jina linakufanya utegemee shimo kubwa la kutisha, kumbe ni shamba la ekari 37 hivi lililolimwa kwa trekta, matuta mpaka mwisho, udongo mzito wa kahawia unaoelekea kijani. Chini yake ndiko uliko mdomo wa volkano ya kale iliyopandisha almasi kutoka chini sana ardhini. Mwamba wake ni lamproiti, siyo kimberlaiti kama wa Mwadui, na kwa miaka mingi mno umelika na mvua, ndiyo maana mawe yako juujuu kwenye udongo. Mkulima mwenye shamba, John Huddleston, ndiye aliyeokota ya kwanza mwaka 1906. Kampuni zikaja, zikajaribu kuchimba kibiashara, faida haikuonekana. Mwaka 1972 jimbo likapachukua na kupafanya hifadhi ya wananchi.

Sasa tufike kwenye kinachowaleta wengi. Tangu hapo zimeshaandikishwa almasi zaidi ya 35,000. Inasikika nyingi, lakini igawanye kwa siku utaona ni moja au mbili, na hiyo ni kwa umati wote uliopo uwanjani, siyo kwa familia yako. Nyingi hazizidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Rangi ni nyeupe, kahawia au njano. Kubwa zipo kwenye historia: mwaka 1924 ilitoka moja ya karati 40.23 (karati ni kipimo cha uzito wa vito), waliyoiita Uncle Sam, na mpaka leo Marekani haijapata almasi ghafi kubwa kuliko hiyo. Tangu pawe hifadhi ya jimbo, rekodi ya wageni ni karati 16.37, ya mwaka 1975. Januari 2024 mgeni kutoka Ufaransa aliondoka na ya karati 7.46. Ndiyo habari zinazosambaa, na ndiyo zinazofanya watu wafike pale wakiwa wameshapanga watanunua gari gani.

Sisi hatukupata almasi. Na bado naisifia safari hii kuliko zote tulizofanya na watoto, kwa sababu ya kazi yenyewe ya kuosha.

Ukichimba ndoo yako unaipeleka kwenye banda lenye mahodhi makubwa ya maji. Unatumia machekeche mawili, moja juu ya lingine. La juu lina matundu makubwa, linabakiza mawe na mabonge. La chini ni la wavu mwembamba, na hilo ndilo la kulitunza. Ukishaondoa la juu, unalitikisa la chini ndani ya maji: unalipigapiga huku unalizungusha kidogo, tena na tena. Kazi ya maji ni kupanga. Kokoto nyepesi kama za kwatzi (jiwe la kawaida linalofanana na kioo) husogea pembeni na juu, nzito huzama katikati. Almasi inazidi kwatzi uzito kwa kiasi cha kutosha kabisa kufuata njia ya chini. Halafu unalipindua chekeche lote juu ya meza kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kilichokuwa chini kabisa sasa kiko juu, katikati, kinakutazama. Hapo ndipo unapoinama na kutafuta kitu kinachong'aa kama kimepakwa mafuta, kisichoshikwa na tope.

Neema alishindwa kupindua, kila mara kokoto zinasambaa. Babu yake akamshika viganja, akamwambia, "Usiogope, mjukuu wangu. Pindua kama unamwaga ugali kwenye sinia." Kuanzia hapo akapindua vizuri kutushinda wote, na kila kilichong'aa alitaka kipelekwe kwa wataalamu.

Na hapa nawapa pongezi. Kuna dawati ambapo wahudumu wanakuangalizia mawe bure. Neema alipanga foleni mara kadhaa na kila mara alisikilizwa kama mtu mzima: hii ni kalsaiti, hii jaspa, hii kwatzi, hii ni kioo cha chupa. Kwa wenye bahati, almasi inapimwa uzito na kuandikishwa, unapewa cheti. Bei hawakutajii. Ukitaka kujua thamani utafute sonara au mtathmini wako mwenyewe, na mimi naona ni busara, wangeanza kutaja bei pale foleni ingegeuka mnada.

Niwape na upande wa pili, kwa sababu wengi wenu mtaona matangazo ya "migodi" ya familia sehemu nyingi za nchi hii na mtadhani ni kitu kimoja. Kuna mahali tulienda kabla, jina nalihifadhi. Unanunua ndoo ya mchanga, unauosha kwenye mfereji wa mbao, na dakika ya kwanza tu watoto wanapiga kelele: zambarau, kijani, jekundu, bluu, yote ndani ya ndoo moja. Mengine yana kingo laini kabisa, yameshasuguliwa kwenye mashine. Ndoo ya bei ndogo mawe madogo, ndoo ya bei kubwa mawe makubwa. Hakuna mlima duniani unaotoa mawe kwa kufuata orodha ya bei. Mwamba ungejuaje pochi yangu ina kiasi gani?

Kwa mtoto wa miaka minne ni burudani safi, atarudi na mfuko uliojaa rangi na hatalia. Ila mtoto aliyeanza kuuliza maswali anastahili kuambiwa kwamba mawe yamewekwa na mtu. Kabla ya kulipa, ulizeni tu: huu mchanga ni wa hapa, au mmeongeza mawe? Sehemu za kuaminika wanajibu bila kubabaika, na kuna zinazouza ndoo za aina zote mbili. Kule Philipsburg, Montana, kwa mfano, changarawe wanayouza ina yakuti samawi (safaya) za Montana kweli. Na Herkimer, New York, wanapoziita "almasi za Herkimer", mjue ni kwatzi iliyochongoka yenyewe ncha mbili. Ni nzuri ajabu, lakini iko ndani ya mwamba mgumu, mtapiga nyundo mpaka mabega yaombe likizo. Watoto wadogo hapawafai.

Turudi Arkansas, mambo ya vitendo. Kateni tiketi mapema mtandaoni, hasa likizo za shule. Vifaa mnaweza kukodi palepale au kuja na vyenu: koleo, ndoo, chekeche. Chochote cha betri au injini hakiruhusiwi. Changarawe mliyochekecha mnaruhusiwa kuondoka nayo, ndoo moja ya galoni tano kwa mtu kwa siku. Uwanja uko wazi na kivuli ni cha kutafuta, kwa hiyo Julai na Agosti mzee au mtoto mchanga msimpeleke adhuhuri. Kiangazi kuna eneo la watoto kucheza na maji, na sisi lilituokoa mchana mzima.

Wakati mzuri ni baada ya mvua kubwa. Maji yanaosha udongo juu ya mawe, jua likitoka mnatembea polepole kwenye matuta mkiangalia kinachometameta, bila kuchimba chochote. Nyingi za zile kubwa ziliokotwa hivyo. Shida ni tope: linang'ang'ania viatu mpaka unatembea kama umefungwa matofali, basi vaeni mabuti ya mpira na muweke gazeti kwenye gari. Bebeni na kigoda kwa ajili ya wazee. Mzee wetu alikaa bandani toka asubuhi mpaka wanafunga, na bila kile kigoda mgongo ungemzuia kupanda ndege.